Mgonjwa Msafi wa Mkwajuni

Sikilizeni, mimi aibu yangu siifichi tena, maana hata nikiificha itafichuliwa na mtu wa kwanza nitakayekutana naye sokoni, na afadhali niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe kuliko kuisikia ikisemwa na watu ambao hawakuwepo na ambao kila mwaka wanazidi kuitia chumvi. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye yule sista wa zahanati aliyemlaza ami yake kitandani hali haumwi hata kidole, mpaka akachimbiwa kaburi. Kucheka mcheke, lakini nisikilizeni mpaka mwisho, maana watu wote wanaijua habari ya kaburi na hakuna anayeijua habari ya shuka, na mambo yote yalianzia kwenye shuka.

Ilikuwa miaka ya themanini, mimi bado msichana (sawa, si msichana sana, lakini kiuno kilikuwepo), nimetoka chuo cha uuguzi na nimepelekwa kuwa msimamizi wa zahanati ya kwetu Mkwajuni, mbele ya Mambrui ukielekea kaskazini. Msimamizi wa nani, msiniulize. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili, mimi, na Kazungu, mtu mzima wa Kigiriama aliyekuwa akifunga vidonda, akifagia, akichota maji na kunung'unika, na kwa kunung'unika hakuwa na mwenzake pwani nzima.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikininyima usingizi, nacho ni kwamba hatukuwa na friji. Chanjo za watoto zilikuwa zikija kutoka Malindi ndani ya sanduku la barafu, na gari likikwama mchangani au dereva akishuka kunywa chai akakutana na shemeji yake, mimi nikifungua sanduku nakuta maji ya uvuguvugu na chupa zinaelea, na chanjo iliyopata joto ni ya kumwaga. Mnajua kumwaga chanjo mbele ya akina mama waliotoka mashambani alfajiri na watoto mgongoni? Mimi nimemwaga. Na msimu mmoja surua ikapita kwetu, ikachukua watoto niliokuwa nawajua kwa majina, watoto ambao mama zao nilikuwa nimewaambia warudi wiki ijayo. Nililia nyuma ya choo ili Kazungu asinione. Kwa hiyo nikisema nilikuwa naitaka friji, msidhani ni friji ya kuwekea soda.

Ndipo ikaja habari kutoka Kilifi kwamba kutakuwa na mashindano ya zahanati bora ya wilaya. Kamati itazunguka, itatazama usafi, mpangilio wa dawa, namna wagonjwa wanavyopokewa, namna wananchi wanavyoshirikiana na zahanati yao, itatoa alama, na zahanati ya kwanza itapewa cheti cha kutundika ukutani na friji ya mafuta ya taa. Habari ya cheti wala haikuniingia. Baada ya neno friji masikio yangu yaliziba.

Tukasafisha. Kazungu alipaka chokaa kuta, akapaka mawe ya njiani, akapaka minazi mpaka usawa wa kiuno, na ningemwacha angempaka hata mbuzi wa jirani. Chupa za dawa nilizipanga kwa urefu, zikapendeza kama watoto wa shule kwenye foleni, kisha nikakumbuka kwamba dawa hupangwa kwa majina, nikazipangua zote nikaanza upya. Na katika chumba cha pili kulikuwa na kitanda, kitanda kimoja tu, cha kumlazia mgonjwa aliyezidiwa huku tukimwangalia kabla hajapata gari la kumpeleka Malindi. Kitanda hicho nilikitandika shuka mpya nyeupe, nimeitia buluu, nimeipiga pasi ya makaa mpaka imekuwa ngumu, na nilipomaliza nikarudi nyuma hatua nikaitazama, nikajiambia, hapa friji imepatikana.

Shida ilikuwa hii. Kamati ilisema wazi kwamba itataka kukiona kitanda kinatumika. Kinatumika maana yake kiwe na mgonjwa, na mgonjwa wa kwetu mnamjua, ametembea kutoka shambani, miguu ni vumbi mpaka magotini, homa imempanda, jasho linamtiririka, na akishalazwa tu anatapika. Nikamwona mgonjwa huyo akilini mwangu akiitapikia friji yangu. Basi hapo ndipo nilipoamua jambo dogo, dogo wallahi, ambalo sikulifikiria hata kwa muda wa kumeza mate: kesho kitandani asilale mgonjwa, alale mtu msafi.

Nilipomwambia Kazungu, aliacha kufagia akaniangalia. "Mtu msafi mwenye ugonjwa gani?"

"Ugonjwa nitamtafutia mimi," nikamwambia. "Wewe fagia."

Mtu msafi kuliko wote Mkwajuni alikuwa Ami Bakari, mdogo wake baba yangu. Ami alikuwa mnadi wa samaki. Wavuvi wakileta samaki ufukweni yeye ndiye anayesimama na kuwanadi, na sauti yake ilikuwa kubwa hivi kwamba wenye nyumba za mwisho kijijini walijua kama leo ni nguru au ni changu bila kutoka nje. Lakini mkimtazama hamngedhani ni mtu wa samaki, maana akitoka pale huoga, huvaa kanzu nyeupe, hupaka mafuta ya nazi na kujifukiza udi. Na katika maisha yake yote hakuwahi kuumwa. Jambo hilo, nilikuja kujua baadaye, lilikuwa linamuuma, kwa sababu alikuwa amewajulia hali wagonjwa wa kijiji kizima kwa miaka mingi, amewapelekea machungwa na uji, na yeye hajawahi kupelekewa hata kikombe.

Nikamfuata alasiri, barazani kwake.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Wataka samaki?"

"Nataka uumwe."

Nikamweleza habari yote, kamati, shuka, friji. Akasikiliza kwa makini, akaanza kuulizia kazi yake.

"Niumwe nini?"

"Nimonia. Kesho tu, mpaka kamati iondoke."

"Nitakohoa?"

"Kidogo."

"Na kukata roho je? Nijaribu?"

"Ami, usikate roho. Nataka mgonjwa anayeendelea vizuri."

Naona hakupendezwa sana na hilo la kuendelea vizuri, lakini alikubali. Mimi nikampa sharti moja, asimwambie mtu yeyote, na kuliko watu wote asimwambie mkewe, Bi Khadija, kwa sababu Bi Khadija ukimwambia neno asubuhi, adhuhuri limeshafika Mambrui na limeshaanza kurudi.

Nikajiona nina akili. Mimi, niliyezaliwa Mkwajuni, nikalelewa Mkwajuni, nilisahau jambo ambalo hata mtoto mdogo wa kwetu analijua, kwamba kwetu mtu haumwi peke yake. Ukilala kwa homa, homa haijapanda vizuri watu wameshafika kukujulia hali, huyu na uji, huyu na maziwa, huyu na dua, na asiyekwenda atasemwa mpaka wajukuu zake wasemwe. Mgonjwa anayetangazwa ni mgonjwa wa kawaida. Mgonjwa anayefichwa, huyo watu wanajua mambo yamekwisha.

Siku yenyewe ikafika. Ami aliingia kwa mlango wa nyuma jua halijachomoza, amevaa kanzu ambayo ilikuwa nyeupe kuliko shuka yangu, ananukia udi chumba kizima. Nikamlaza. Nikamtundikia kadi yake miguuni mwa kitanda. Akajaribu kukohoa, nikamwambia apunguze, akajaribu tena, nikamwambia Ami hao ni samaki unaowanadi, si kikohozi, akasema haya, akalegeza shingo upande akawa mgonjwa kweli kweli. Mabenchi yakaanza kujaa wagonjwa wangu wa kila siku, wa vidonda, wa macho, wa tumbo, na mimi nikavaa kofia yangu ya unesi.

Huku nyuma, ufukweni, samaki wamefika na mnadi hayupo. Wavuvi wakangoja. Wanunuzi wakangoja. Mtu akatumwa nyumbani kwa Ami, Bi Khadija akasema mume wake ametoka gizani hakusema anakokwenda, jambo ambalo hajalifanya tangu amwoe. Wakati huohuo mama mmoja aliyekaa benchi langu kwa ajili ya jino alichungulia chumba cha pili akamwona Ami Bakari amelala juu ya shuka nyeupe, shingo upande. Akamwendea Kazungu.

"Kazungu, Bakari ana nini?"

Na Kazungu, ambaye nilikuwa nimemwonya asiseme neno, akainamisha kichwa akasema, "Mimi nimekatazwa kusema."

Mama yule akasahau jino. Alitoka mbio.

Kamati ikafika na Landrova yake. Walikuwa watu watatu, mwenyekiti, mama mrefu mwenye miwani aliyekuwa anaongea taratibu, daktari kijana kutoka Kilifi, na bwana mmoja mwembamba wa kujaza alama, amebeba faili. Mwenyekiti alipitisha kidole juu ya rafu ya dawa, akakitazama, hakikuwa na kitu. Bwana wa faili akaandika. Daktari akasoma majina ya dawa moja baada ya jingine, yamefuatana, bwana wa faili akaandika. Nilikuwa nimeshaanza kuifikiria friji itakaa pembe gani na mlango wake utafungukia wapi.

Wakati tunatoka nje kutazama mabenchi, wageni wakaanza kuingia. Kwanza wazee wa kike, wamejitanda buibui, na birika za uji. Halafu wanunuzi wa samaki. Halafu wavuvi wenyewe, moja kwa moja kutoka ufukweni, mmoja bado ana nguru mkononi kwa sababu hakupata pa kumweka, na maji ya nguru yakawa yanadondokea mawe yangu ya chokaa. Uwanja ukajaa mpaka hapana pa kukanyaga.

Bwana wa faili akauliza, "Hawa wote ni wagonjwa?"

"Hapana," nikasema. (Ulimi wangu nao.) "Hawa ni wananchi. Wanashirikiana sana na zahanati yao."

Akafurahi, akaandika kwa muda mrefu. Na mimi, badala ya kuogopa, nikafurahi pia.

Tukaingia chumba cha kitanda. Mwenyekiti akaisifu shuka, nikakaribia kulia kwa furaha. Akachukua kadi akaisoma. "Nimonia. Joto la kawaida, mapigo ya moyo ya kawaida, pumzi ya kawaida."

"Anaendelea vizuri," nikasema.

Ami akaona ndiyo zamu yake, akakohoa. Alikohoa kwa sauti ileile ya kunadia, vioo vikalia, na nje dirishani mtu akasema, "Masikini, sauti yote inamtoka." Kabla sijamzuia, Bi Mwanahawa, bibi kizee anayeheshimiwa Mkwajuni nzima, ambaye amewasindikiza marehemu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, akapenya mlangoni, akamwinamia Ami sikioni akamwambia kwa upole, "Bakari mwanangu, tamka shahada."

Sasa nawauliza nyinyi, Muislamu akiambiwa atamke shahada atakataa? Ami akatamka. Akaitamka vizuri sana, kila herufi mahali pake. Bi Mwanahawa akajifuta machozi kwa ncha ya buibui, akawaambia walioko dirishani, "Ameitamka nzuri." Watu wakaanza kusoma Yasini.

Nikawaondoa kamati haraka, nikawarudisha chumba cha dawa, nikasema kuna bandeji hawajaziona. Ninawaonyesha bandeji, huku nasikia sauti ya Bi Khadija inakuja barabarani, inauliza yuko wapi, ana nini, nani kamficha mume wangu. Ami naye aliisikia. Kazungu ndiye aliyenisimulia baadaye: Ami alifungua macho, akanong'ona, "Khadija huyo," akavuta shuka akajifunika gubigubi mpaka juu ya kichwa. Hofu tu ya mke, hakuna jingine. Lakini walioko dirishani waliona Bakari ametamka shahada na sasa shuka iko juu ya uso wake.

Kisha kilio kikapanda.

"Nini hicho?" mwenyekiti akauliza.

"Wanafurahi," nikasema. "Wamesikia anaendelea vizuri."

Alinitazama juu ya miwani. Msikiti uko ng'ambo ya barabara tu, na watu wa Mkwajuni katika mazishi hawana mchezo, wengine walikuwa wameshachukua majembe kwenda makaburini kabla kilio hakijatulia, na wanaume wanne wakaingia kwa mlango wa mbele wamebeba jeneza la msikiti. Bwana wa faili akasimama akalitazama.

"Na hii ni nini?"

Hapa, jamani, mtu mwenye akili angesema kweli. Mimi nikasema, "Machela ya jamii. Wananchi wameichonga wenyewe, ya kubebea wagonjwa."

Akapendezwa mno. Akaugusa ubao, akamuuliza aliyekuwa mbele, "Mnaitumia mara kwa mara?"

"Inategemea, bwana," yule akajibu kwa adabu. "Miezi mingine sana."

"Na wanaobebwa, wanaridhika nayo?"

"Hatujapata kusikia malalamiko."

Bwana wa faili akaandika. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mjinga, akauliza, "Na huyu mzee mnampeleka wapi?"

"Nyumbani kwanza, mama, akaoshwe."

"Akaoshwe?"

"Usafi," nikadakia. "Hapa usafi hatuuachi mpaka dakika ya mwisho."

Naamini ningeendelea kudanganya hivyo mpaka Ami azikwe, maana nilikuwa nimeshapagawa, naona friji peke yake. Lakini watu wa mlangoni wakasukumana, na Kazungu akaingia anawapasua kwa viwiko, nyuma yake mama mmoja kutoka mashambani, Kadzo, namjua, kila mwezi huja. Mikononi ana mtoto wake Kahindi, mtoto wa miaka miwili, amekakamaa, macho yamegeuka juu, mikono inatetemeka.

"Degedege, Sista," Kazungu akasema.

Nitawaambia jambo ambalo nalionea haya kuliko kaburi. Nililitazama faili. Kufumba na kufumbua tu, lakini nililitazama faili la yule bwana kabla sijamtazama mtoto, nikaiona friji yangu imesimama katikati yangu na mtoto, kwa sababu kitanda ni kimoja na kitandani yumo mtu. Kisha Kadzo akasema, "Sista, yuwafa," kwa sauti ndogo, hata hakulia, na nikawa simwoni mtu mwingine.

Nikaingia chumba cha pili. "Ami, ondoka kitandani."

Chini ya shuka ikatoka sauti. "Khadija ameshatoka?"

"Ami, ondoka."

Akaondoka. Aliinuka na shuka yake kichwani, kanzu nyeupe, udi unamfuata. Waliobeba jeneza walikuwa wameshafika mlangoni. Waliliacha lilipo. Mmoja alipita mlango wa nyuma, wengine sijui walipita wapi mpaka leo, Bi Mwanahawa akakaa chini taratibu, na dirishani pakabaki birika moja ya uji na nguru. Bwana wa faili, msomi, mtu wa Kilifi, alitoka kwa dirisha la chumba cha dawa na faili lake kifuani.

Bi Khadija tu, aliyekuwa amepenya mpaka ndani, ndiye ambaye hakukimbia. Alimwangalia mumewe kutoka kichwani hadi miguuni, akainama akavua kandambili. "Umekufa bila kuniaga," akamwambia, "na sasa wafufuka bila kuniaga." Wakatoka nje, Ami mbele, kandambili nyuma, na mimi sikuwaangalia tena.

Nilimlaza Kahindi ubavu, nikamvua nguo, nikamwambia Kazungu alete maji na vitambaa. Daktari kijana alikuwa ameshavua koti, ameshika trei, hakuniuliza kitu. Tukampiga sindano ya kuzuia degedege, tukampangusa, tukampangusa tena, akalegea, nikampa kwinini. Akatapika kwenye shuka. Akakojoa pia, na Kadzo alipokaa kando yake miguu yake ikaacha vumbi lote la njiani, na mimi nimemshika kichwa namwomba Mungu alie. Kisha akalia. Sijapata kuisikia sauti nzuri kama ile, na nilimwambia Kadzo hivyohivyo, naye akanishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Bwana wa faili akarudi, suruali ina mchanga, akamuuliza mwenyekiti kwa unyenyekevu, "Yule mzee nimwandike wapi, waliotibiwa au waliofariki?"

"Mwandike karuhusiwa kwenda nyumbani," mwenyekiti akasema.

Alipokuwa anaingia kwenye Landrova aliniita pembeni. Nilidhani atanigombeza, nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, ningepumua. Aliniambia tu, "Sista, tulisafiri kutoka Kilifi tuje kuiona shuka hiyo kama ilivyo sasa. Ungetuonyesha hiyo, friji ilikuwa yako." Nikasimama kwenye mawe yangu ya chokaa mpaka vumbi la gari likatulia, na siku ile sikujificha nyuma ya choo, nililia palepale mbele ya Kazungu, naye akanung'unika akaniletea kikombe cha ule uji wa Ami.

Kaburi lilikuwa limeshafika kiunoni. Wazee wakasema kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, wakatafuta gogo la mgomba wakalizika. Ami mwenyewe alikwenda kulitazama kabla halijafukiwa, akarudi amenuna, akasema wamemchimbia fupi. Kwa muda mrefu hakunisamehe, si kwa kaburi, bali kwa uji, maana watu walikuja na birika zao wakazichukua tena na yeye hakuonja hata tone.

Mimi nimeapa, na kiapo hicho nimekishika. Tangu siku ile kitandani kwangu hulala anayeumwa, na vumbi lake, na matapishi yake, na atakayekuja kukagua akague hayohayo. Shuka bado naifua, lakini pasi nimeacha.

Na friji ikaenda kwa jirani yetu, zahanati ya Bwana Katana, muuguzi mpole, mchapakazi, aliyestahili, sina la kusema. Siku za chanjo nilikuwa napanda baiskeli na sanduku langu mpaka kwake kuomba barafu, na Kahindi wa Kadzo alichanjwa surua kwa barafu hiyo, yeye na wenzake. Bwana Katana hakuninyima hata siku moja. Ila kila mara, kabla hajafungua mlango wa friji, mbele ya akina mama wote waliokaa benchini, alikuwa ananiuliza kwa heshima kabisa, bila kucheka, "Sista, marehemu hajambo?"

Nami namjibu, hajambo, anakusalimu, kisha namshikia sanduku atie barafu.